Laptopu ya Linux Inapokataa Kulala au Kuamka: Namna ya Kuitafuta Kasoro

Laptopu iliyo nzima hufunikwa ikalala, na ikifunuliwa baada ya saa kadhaa huamka pale pale ilipoachwa, faili likiwa wazi, sentensi ikiwa nusu, na betri imepungua kidogo tu. Kwa mtu anayefanya kazi Unguja au Pemba jambo hili si anasa. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanakumbuka namna kila asilimia ya betri ilivyohesabiwa. Hata leo, anayevuka kwa boti kutoka Mkoani kuja Malindi anataka awe na hakika kwamba kompyuta aliyoifunika gatini itakuwa na chaji atakaposhuka.

Kasoro ya kulala inastahili kutafutwa kwa utaratibu. Nimewaona wengi, mafundi wakiwemo, wakinakili amri tano kutoka mahali mbalimbali na kuziingiza zote kwa mpigo. Mashine ikipona hawajui kilichoiponya, na isipopona hawajui walichokiharibu. Njia ninayoieleza hapa huanza na swali moja: kompyuta imeshindwa ilipokuwa ikiingia usingizini, ilipokuwa imo usingizini, au ilipotakiwa kuamka? Nyakati hizo tatu zina visababishi tofauti, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Swali hilo likishapata jibu, badilisha jambo moja, jaribu, andika matokeo kwenye karatasi, ndipo uende kwenye jambo la pili.

Mashine yako hulala usingizi gani?

Kanuni za ACPI, zinazosimamia umeme wa kompyuta, zilizotolewa mara ya kwanza Disemba 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba, ziliweka madaraja kadhaa ya kulala. Daraja la S3 ndilo tunaloweza kuliita usingizi mzito: prosesa huzimwa, vifaa karibu vyote hukatiwa umeme, na RAM peke yake ndiyo inayoendelea kulishwa ili isisahau ilichobeba. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimeondolewa daraja hilo na kupewa usingizi mwepesi, ambao Linux huuita s2idle. Humo prosesa haizimwi bali hutulizwa, na kila kifaa hutakiwa kijipunguzie umeme chenyewe. Kimoja kikikataa kutulia, mashine nzima hukesha huku skrini ikiwa nyeusi na mwenyewe akidhani imelala.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

cat /sys/power/mem_sleep

Jibu likiwa s2idle [deep], mashine yako ina aina zote mbili, na neno lililomo ndani ya mabano ndilo linalotumika sasa; deep ni ule usingizi mzito. Likiwa [s2idle] peke yake, maana yake BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, haitoi S3, na hakuna amri ya Linux itakayoiumba. Katika hali hiyo ingia kwenye BIOS yenyewe uangalie sehemu ya umeme. Baadhi ya ThinkPad za kuanzia 2018 zina chaguo liitwalo Sleep State, na ukiliweka kwenye Linux neno deep hujitokeza mashine ikiwashwa tena. Kama aina zote mbili zipo na unataka kujaribu nyingine, andika:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Badiliko hilo hudumu mpaka mashine izimwe, na hilo ni jema, kwa sababu jaribio likienda vibaya kuzima na kuwasha kunarudisha kila kitu. Usiku mbili tatu zikipita salama, liweke moja kwa moja: kwenye Ubuntu, Debian au Linux Mint fungua /etc/default/grub, ongeza mem_sleep_default=deep ndani ya alama za kunukuu za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha endesha sudo update-grub; kwenye Fedora tumia sudo grubby --update-kernel=ALL --args="mem_sleep_default=deep". Zipo pia mashine ambazo BIOS yake hutangaza deep ilhali haiwezi kuamka kutoka humo. Hizo hupona kwa kurudishwa s2idle, kwa hiyo mtu asishikilie kwamba usingizi mzito ndio bora kwa kila laptopu.

Soma daftari la matukio kabla ya kugusa kitu

Keneli, yaani kiini cha Linux, huandika kila mara inapoanza kulala na kila mara inapoamka. Ikiwa mashine iliganda ukalazimika kuizima kwa kubana kitufe, maandishi unayoyahitaji ni ya kipindi kilichopita, yaani kabla ya kuwashwa upya, nayo hupatikana hivi:

journalctl -k -b -1 | grep "PM:"

Ikiwa iliamka yenyewe na bado inaendelea, ondoa hiyo -1 uweke 0. Amri ikikujibu kwamba hakuna kipindi kilichopita, daftari lako halihifadhiwi diskini. Tengeneza folda kwa sudo mkdir -p /var/log/journal, uwashe upya, kisha usubiri kasoro itokee tena.

Mistari miwili ndiyo ya kutafutwa: PM: suspend entry, yaani nimeanza kulala, na PM: suspend exit, yaani nimeamka. Kusipokuwa na mstari wa kuanza, mashine haikuambiwa ilale, au ilizuiwa kabla ya keneli kufikiwa. Mstari wa kuanza ukifuatwa na wa kuamka baada ya sekunde chache, imejaribu ikashindwa, au imeamshwa papo hapo. Mstari wa kuanza ukiwa ndio wa mwisho kabisa, imefia njiani, na hapo daftari halitakueleza zaidi, kwa sababu diski ilikuwa tayari imesimamishwa na yaliyofuata hayakuandikwa popote.

Kuna jambo dogo linalowapotosha wengi kwetu. Mtu akikwambia kwamba mashine yake iliganda saa tatu usiku, usitafute 03:00 kwenye daftari, tafuta 21:00. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikisoma matukio ya alfajiri, wakati tukio lenyewe lilikuwa baada ya Sala ya Isha.

Inapokataa kulala

Mwalimu wa skuli moja ya Wete aliniletea laptopu yake akilalamika kwamba anaifunika kila akimaliza kipindi, na akifika nyumbani anaikuta inaungua. Nilimuuliza, "Maalim, unapoifunika projekta huwa imeshachomolewa?" Akajibu, "Hapana, projekta hukusanywa na wanafunzi baadaye." Kasoro haikuwapo. Kwa mpangilio wake wa kawaida systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, huhesabu mashine iliyounganishwa na skrini ya nje kuwa imeegeshwa mezani, na kufunikwa kwa mashine ya namna hiyo hupuuzwa, kwa kuwa wengi hufunika laptopu wakatumia skrini kubwa. Tulifungua /etc/systemd/logind.conf, tukaondoa alama ya reli (#) kwenye mstari wa HandleLidSwitchDocked, tukabadilisha ignore kuwa suspend, tukawasha upya. Mistari jirani yake, HandleLidSwitch na HandleLidSwitchExternalPower, huamua kinachotokea mashine ikiwa juu ya betri na ikiwa juu ya chaji.

Kama hakuna skrini ya nje, angalia ikiwa kifuniko kinasikika:

cat /proc/acpi/button/lid/*/state

Mashine ikiwa wazi inapaswa kujibu open. Ukitaka kuona jibu la kufunikwa, iandike amri ikiwa na sleep 10 mbele yake, pamoja na kuhifadhi jibu kwenye faili, kisha ufunike kabla ya sekunde kumi kwisha. Kinachohisi kifuniko kwa kawaida ni kihisi kidogo kinachoitikia sumaku iliyofichwa pembeni mwa skrini, na ndiyo sababu laptopu iliyowekwa juu ya laptopu nyingine, au karibu na kava ya simu yenye sumaku, huweza kulala ghafla mtu akiwa katikati ya kazi.

Programu nazo huweza kuzuia usingizi. Amri systemd-inhibit --list huonyesha nani amezuia nini na kwa sababu gani. Mazingira ya GNOME au KDE kuonekana humo ni kawaida, kwa hiyo mtafute mwenye neno sleep lililoambatana na block. Mara nyingi huwa ni kivinjari kinachocheza video au programu inayopakua faili kubwa.

Hali nyingine ni ile daftari linapoandika kwamba Freezing user space processes failed after 20 seconds. Keneli kabla ya kulala husimamisha programu zote, na imejipa sekunde 20 za kufanya hivyo. Programu moja isiposimama, safari yote huahirishwa. Mara nyingi mkaidi ni programu inayosubiri diski ya mtandaoni. Ofisini, folda ya pamoja iliyounganishwa kwa NFS au sshfs hufanya kazi vizuri mpaka umeme wa jengo ukatike, swichi ya mtandao izime, na laptopu iliyobaki juu ya betri ishindwe kulala kwa sababu inangoja jibu kutoka kwa seva isiyokuwapo. Jina la programu huandikwa chini ya mstari huo huo. Tenganisha folda hiyo kwa sudo umount -l pamoja na njia yake, ujaribu tena.

Na ikiwa kilichogoma ni kifaa, si programu, tazama:

sudo grep -r . /sys/power/suspend_stats/

Humo mna idadi ya mara ilipofaulu, mara iliposhindwa, na jina la kifaa cha mwisho kilichoshindwa. Jina hilo, hata likiwa tarakimu tupu kama 0000:00:14.0, unaweza kulifasiri kwa lspci.

Inapoamka bila ya kuamshwa

Siku moja ya kaskazi nilipanda boti ya asubuhi Mkoani, laptopu nimeizungushia kikoi na kuitia mkobani. Bahari ilikuwa na mawimbi tangu tulipotoka. Tulipofika Malindi nilipotia mkono mkobani kikoi kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi, feni inalia, na betri niliyoiacha imejaa imebaki asilimia tisa. Nilipoifungua daftari nikakuta mistari ya kulala na kuamka imerundikana kwa jozi, dakika baada ya dakika, muda wote wa safari.

Sababu ilikuwa kipokezi cha kipanya kisichotumia waya, kidogo kama ukucha, nilichokisahau kwenye tundu la USB. Kipanya chenyewe kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba huo huo. Kila boti ilipopanda wimbi kipanya kilitikisika, kipokezi kikapeleka ishara, mashine ikaamka, ikaona imefunikwa, ikalala tena, mpaka wimbi la pili.

Orodha ya vinavyoruhusiwa kuamsha mashine hupatikana hivi:

cat /proc/acpi/wakeup

Kila mstari una jina fupi la kifaa, daraja la usingizi, na neno enabled au disabled. PWRB au PBTN ni kitufe cha kuwashia, LID ni kifuniko, XHC ni USB, na majina yanayoanza na RP ni njia za PCI, ambazo Wi-Fi na kadi ya mtandao hupitia. Kuizuia USB isiamshe, andika:

echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Amri hiyo ni kama swichi ya taa: mara ya kwanza huzima, mara ya pili huwasha. Soma orodha upya kila unapoitumia. Mashine ikizimwa badiliko hupotea, kwa hiyo ukisharidhika weka faili ndogo ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/, uiruhusu kuendeshwa kwa sudo chmod +x, na ndani yake uandike:

#!/bin/sh
[ "$1" = pre ] && grep -q '^XHC.*enabled' /proc/acpi/wakeup && echo XHC > /proc/acpi/wakeup
exit 0

Kile kipande cha grep ndicho kinachozuia swichi isigeuzwe mara mbili. Usizime vyote vilivyomo kwenye orodha kwa hasira. Mwenye kuzima kifuniko na kitufe pamoja hujikuta hana tena njia ya kuiamsha mashine. Kama hujui ni kifaa gani, soma cat /sys/power/pm_wakeup_irq mara tu baada ya kuamka, uitafute namba hiyo kwenye /proc/interrupts, na jina la mhusika litakuwa mwisho wa mstari.

Inapolala lakini betri ikaisha

Usikadirie kwa jicho, pima. Kabla ya kufunika usiku soma cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_now, na asubuhi usome tena kabla ya kuchomeka chaji. Baadhi ya mashine zina BAT1 badala ya BAT0, na baadhi hutoa charge_now. Namba ya energy_now huhesabiwa kwa vipande vya wati-saa, milioni moja ikiwa ni wati-saa moja. Tuseme jana ilikuwa 50000000 na leo ni 38000000, na zimepita saa nane: zimekwenda wati-saa 12, sawa na wati-saa moja na nusu kwa kila saa iliyopita, yaani wati moja na nusu, na kwa mashine iliyolala hizo ni nyingi mno. Ingekuwa imepoteza wati-saa mbili tu kwa muda huo, yaani robo wati, singeigusa.

Matumizi makubwa namna hiyo karibu kila mara ni ya s2idle isiyofika chini. Kwenye mashine nyingi za Intel kuna kipimo kiitwacho /sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec. Kisome kwa sudo kabla na baada ya kulala. Namba isipoongezeka, mashine haikuwahi kutulia hata sekunde moja. Kwa AMD kipimo hicho kimo ndani ya /sys/kernel/debug/amd_pmc/s0ix_stats. Hapo chomoa kila kilichochomekwa, pamoja na kadi ya kumbukumbu, ulale upya na upime upya, kisha urudishe kimoja kimoja.

Inapolala isiamke

Hii ndiyo inayotisha zaidi, kwa kuwa kazi isiyohifadhiwa huwa hatarini. Kabla ya kubana kitufe cha kuzima, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, keneli iko hai na kilichokufa ni skrini peke yake. Taa ikipepesa yenyewe bila ya kuguswa, keneli imeanguka. Ikikaa kimya, mashine imeganda kabisa.

Keneli ikiwa hai, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate terminali tupu. Hata hiyo isipoonekana, ingia kutoka kwenye simu kwa SSH, njia ya kuiamuru mashine kutoka mbali, kupitia Wi-Fi hiyo hiyo, ikiwa uliweka openssh-server mapema. Mimi huiweka kwenye kila mashine ninayoipima, na imeniokolea kazi za watu mara nyingi. Ukishaingia, hifadhi daftari lote kwenye faili kwa sudo journalctl -b > daftari.txt, kisha uiwashe upya kwa utaratibu.

Skrini nyeusi kwenye mashine yenye kadi ya michoro ya NVIDIA na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kampuni hiyo mara nyingi hutokana na yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kadi kutohifadhiwa wakati wa kulala. Hakikisha huduma nvidia-suspend, nvidia-resume na nvidia-hibernate zimeruhusiwa kwa sudo systemctl enable, kisha uandike mstari huu ndani ya faili jipya la /etc/modprobe.d/:

options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1

Malizia kwa sudo update-initramfs -u, au sudo dracut --force kwenye Fedora, na uwashe upya.

Mashine iliyoganda kabisa inahitaji jaribio la ngazi. Keneli ina faili liitwalo /sys/power/pm_test linalokuruhusu kuteremka ngazi moja ya usingizi, kusubiri sekunde tano, na kurudi juu. Ngazi ni freezer, inayosimamisha programu tu. Devices, inayolaza na vifaa. Platform, inayoongeza maagizo ya BIOS. Processors, inayozima viini vya prosesa isipokuwa kimoja. Na core, ya mwisho kabla ya usingizi wenyewe. Anza na ya juu:

echo freezer | sudo tee /sys/power/pm_test
echo mem | sudo tee /sys/power/state

Ikirudi salama, badilisha freezer uweke devices, na uendelee kushuka. Kwa s2idle mwisho ni platform, ngazi mbili zilizobaki haizitambui. Hifadhi kila kitu na ufunge programu zako kabla ya kila hatua, na ukimaliza usisahau kuandika none, la sivyo mashine itakuwa inaigiza usingizi kila siku. Ikiganda kwenye devices, kasoro ni ya draiva, nawe utaipata kwa kuondoa draiva moja moja kwa sudo modprobe -r kabla ya kila jaribio, ukianza na za Wi-Fi, sauti na Bluetooth. Ikipita ngazi zote salama na usingizi halisi ukaishinda, ningependekeza kwanza uisasishe BIOS.

Na ukiwa bado hujapata, lipo pm_trace, ambalo hufanya kazi kwa namna ya ajabu: kwa kuwa hakuna diski wala skrini ya kuandikia, keneli huandika alama ya kifaa inachokishughulikia ndani ya saa ya mashine, ile inayolishwa na betri ndogo ya mviringo. Andika echo 1 | sudo tee /sys/power/pm_trace, uilaze mashine, uiamshe, na ikiganda uizime kwa kitufe na kuiwasha mara moja, ndani ya dakika mbili tatu, kabla saa haijasogea na kuiharibu alama. Kisha:

sudo dmesg | grep -i "hash matches"

Kifaa kitakachotajwa ndicho ilichogandia. Tarehe ya mashine baada ya hapo itakuwa ya uongo kabisa. Tovuti zitakataa kufunguka, na programu ya nyakati za Sala itaadhini wakati si wake. Rekebisha kwa sudo timedatectl set-ntp true ukiwa na intaneti, au set-ntp false kisha set-time ukiwa huna. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ya mviringo imekufa haiwezi kutumia njia hii mpaka ibadilishwe.

Inapoamka pungufu

Wi-Fi ikiwa haionekani baada ya kuamka, tafuta jina la draiva yake kwa lspci -k, uiondoe na kuirudisha. Kwa kadi nyingi za Intel ni hivi:

sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi && sudo modprobe iwlwifi

Tachipadi iliyokufa hufufuliwa vivyo hivyo kwa psmouse, au i2c_hid_acpi kwa mashine mpya zaidi. Ikisaidia, weka amri hizo kwenye faili la system-sleep kama nilivyoonyesha juu, sharti la mwanzo likiwa post badala ya pre.

Keneli, BIOS na usingizi wa diskini

Kasoro ikiwa imeanza baada ya sasisho, washa upya, uchague keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowashwa, ujaribu. Hilo halihitaji bando na hujibu swali kwa dakika tano. BIOS husasishwa kwa fwupdmgr refresh na fwupdmgr update kwa mashine ambazo mtengenezaji wake hushiriki. Fanya hivyo chaji ikiwa imechomekwa na betri imejaa, zote mbili kwa pamoja. Sasisho la BIOS likikatwa katikati na umeme huweza kuiua mashine moja kwa moja.

Mwenye kusafiri sana anaweza kutumia systemctl suspend-then-hibernate, ambapo mashine hulala kawaida na baada ya muda uliowekwa kwenye HibernateDelaySec, ndani ya /etc/systemd/sleep.conf, huhamishia kila kitu diskini na kujizima. Inahitaji swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM, isiyopungua ukubwa wa RAM yenyewe, na Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, ikiwa imewashwa keneli nyingi huikataa.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe

Kulala mara moja vizuri hakuthibitishi kitu. Kasoro nyingi za namna hii hujitokeza mara moja katika kumi. Ninapodhani nimemaliza huingia kwa sudo -i na kuiacha mashine mezani na hii:

for i in $(seq 20); do rtcwake -m no -s 40; systemctl suspend; sleep 60; done

rtcwake hapa hutegesha saa ya kuamsha tu, na systemctl ndiyo inayolaza, ili mafaili ya system-sleep na huduma za NVIDIA yapitiwe kama mtu anapofunika kwa mkono. Ukitumia rtcwake -m mem hayo yote hurukwa na jaribio halifanani na hali halisi. Mizunguko 20 huchukua zaidi kidogo ya nusu saa. Nikirudi husoma tena /sys/power/suspend_stats: idadi ya kufaulu ikiwa imepanda kwa 20 na ya kushindwa haikusogea, naichomeka kipanya, kipokezi na kila kitu ambacho mwenyewe hukitumia, nairudia amri ile ile mara ya pili, ndipo nampigia simu aje kuichukua.